Mama Hebu, Mfumaji wa Shali za Duara

Ndugu, majirani na marafiki, mama yetu tunayemsindikiza leo wengi wenu mlimwita Mama Hebu. Jina hilo alilipata kwa sababu hakupita penye kitu chochote bila kusimama na kusema, "Hebu nione."

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, mtoto wa pili na wa mwisho wa seremala na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na karakana ya baba yake. Dada yake alimtangulia kwa miaka minne. Udadisi ulimwanza mapema. Siku moja alifumua mkono mzima wa sweta ya baba yake, akitaka kujua uzi unaishia wapi. Babu yetu hakumchapa. Aliivaa sweta hivyo hivyo kazini, na kila aliyecheka alimwambia, "Binti yangu yuko kwenye uchunguzi."

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza mwaka 1970. Huko shule ya msingi ndiko alikofundishwa kufuma kwa kroshia. Darasa lilipewa kazi ya shali ya duara: unaanza na pete ndogo ya uzi katikati, unazunguka, unazunguka, mpaka ifunike mabega. Yake ilijikunja ikawa kama bakuli. Mwalimu akamwuliza, "Hii ni shali au kofia?" Marehemu akaivaa kichwani, wenzake wakavunjika mbavu, kisha akauliza kwa dhati kabisa, "Lakini mwalimu, kwa nini imejikunja?" Jibu alilitafuta mwenyewe kwa kufuma na kufumua. Ukiongeza vitanzi vichache mno, kitambaa hujikunja. Ukizidisha, hupiga mawimbi kama jani la kabichi. Mwisho wa mwaka shali yake ilitandazwa mezani ikalala tuli, naye akapewa zawadi.

Tarehe 2 Aprili 1973 aliajiriwa kuwa mpokea simu wa hospitali, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2008. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, chenye dirisha dogo na kiti kilicholia ukikigusa. Simu zikitulia, alifuma. Aliyepiga kumwulizia mgonjwa hakuachwa asubiri kimya. Aliulizwa anafanya kazi gani, na kazi hiyo inafanywaje. Ndiyo maana mama alijua kuchoma matofali, kufuga nyuki na kupiga plasta, ingawa hakuwahi kujaribu hata kimoja. Msimamizi alipomwonya juu ya gumzo, alimjibu, "Bosi, mtu akieleza kazi yake, hofu inampungua. Hebu nieleze ya kwako."

Baba yetu ni fundi baiskeli, na banda lake lilikuwa ng'ambo ya lango la hospitali. Siku moja marehemu alisimama pale akimtazama ananyoosha gurudumu.

"Unajuaje kama limekaa sawa?"

"Nalizungusha," baba akasema. "Likiyumba, najua kuna mahali nimekaza mno."

Kesho yake akampelekea shali iliyokuwa imemshinda, waitazame pamoja. Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976, wakajaliwa watoto watatu. Baba husema, "Nilidhani nimeoa majibu, kumbe nimeoa maswali." Akisema hivyo hucheka.

Mwezi Septemba 2022 mama alipatwa na kiharusi. Usemi ulimrudia, mkono wa kulia ukakataa. Sindano ya kroshia ilimponyoka kila alipoishika. Kwa mara ya kwanza tulimwona hataki kujua chochote. Alikaa akiutazama ukuta, na chakula kikirudi jikoni kama kilivyokwenda.

Asubuhi moja dada yake, yaani mama yetu mkubwa, akaja kumjulia hali. Hawakuwa wamegombana, ila kwa miaka mingi walikuwa wakionana harusini na misibani tu. Mama mkubwa akakaa akimmenyea chungwa. Mama akaitazama mikono ya dada yake.

"Dada, wewe una shoto."

"Tangu nizaliwe. Leo ndiyo unaona?"

"Nilikuwa naona. Sikuwahi kuuliza. Mbona hufumi?"

Mama mkubwa akaweka kisu chini. Akaeleza kwamba shuleni, mwalimu yuleyule wa kroshia alimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa, na shali yake ikafumuliwa mbele ya darasa kwa kuwa ilizunguka kinyume na za wenzake. Baadaye mdogo wake akaja nyumbani na zawadi, wazazi wakashangilia. Yeye akajiweka pembeni, akazoea kukaa huko.

Mama machozi yakamtoka. "Nimewauliza watu nisiowajua mambo yao yote. Wewe tuliyelala nawe kitanda kimoja sikukuuliza. Nisamehe, dada. Hebu nionyeshe inavyozunguka."

"Nimesahau."

"Basi tusahau pamoja. Shika sindano."

Mwanzoni walicheka kuliko walivyofuma. Mama mkubwa alianza kuja kila Jumatano, kisha akahamia kabisa chumba cha nyuma. Mama aliufunza mkono wake wa kushoto kwa kuufuata wa dada yake, na mwezi Desemba 2024 shali yao, iliyozunguka kinyume, ikakamilika. Ukingo wake ulikuwa na mawimbi. Mama alipoushika uzi ili afumue, mama mkubwa alimzuia.

"Hii haifumuliwi."

Mwezi huu kiharusi kilirudi. Muuguzi alipokuwa akimtundikia dripu, mama alimwuliza, "Hii inajuaje iende kwa kasi gani?" Yule binti akavuta kiti, akamweleza yote, naye akasikiliza mpaka mwisho. Swali hilo ndilo la mwisho tulilolisikia kwake. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa dada yake.

Marehemu ameacha mume, dada, watoto watatu, wakwe wawili na wajukuu sita. Mungu amjalie pumziko la amani, na ampokee kwa subira, maana ana mengi ya kumwuliza.