Mgongo wa Mama Pastory wa Buganguzi

Wasikilizaji wapendwa, habari zenu popote mlipo, Bukoba, Muleba na visiwani. Mimi ni Byabato. Leo namkumbuka mtu niliyemfahamu, na sitajifanya nina sauti nzuri.

Mama Paskazia Kokubanza amefariki Jumapili iliyopita. Amefariki nyumbani kwake Buganguzi, akiwa na miaka hamsini na sita. Tumemzika Jumanne, kwenye kibanja chake, katikati ya migomba. Wengi tulimwita Mama Pastory, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Wakati wa vita, mwaka sabini na nane, alikuwa mhudumu wa zahanati. Majeruhi walikuja, wakimbizi walikuja, na wa kuwainua hawakutosha. Muuguzi mmoja, Sista Clotilda, alimwona anainama kama daraja akamkemea. Akamfundisha. Piga goti kwanza. Mlete mgonjwa karibu na kifua. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, kiuno kiache. Na mtu mzima hainuliwi na mtu mmoja.

"Mgongo hauna spea," Sista alimwambia. Mama Pastory alilishika neno hilo, akatuchosha nalo kijiji kizima.

Nasema alituchosha, maana ndivyo ilivyokuwa. Ukipita na ndoo kubwa kichwani, anakusimamisha. "Shingo hiyo waitu, chukua ndoo ndogo, urudi mara mbili." Mkilima mmeinama tangu asubuhi, anapiga kelele ng'ambo ya migomba kwamba mnyooke. Wanawake walimsikiliza. Wanaume tulicheka. Kwetu anayepiga magoti ni mwanamke akiamkia wakubwa, sasa mwanaume mzima apigie magoti mzigo? Shemeji yake, Aristides, alimjibu mbele ya watu: "Kokubanza, unataka niuamkie mkungu?" Tulicheka mpaka machozi. Mwaka uliofuata Aristides alikuwa kitandani miezi miwili kwa kiuno, na aliyekuwa akimgeuza kila asubuhi ni huyo huyo Mama Pastory, na mkewe upande wa pili.

Kisha ukaja ugonjwa huu wa Ukimwi. Mnakumbuka, mwanzoni tuliuita Juliana. Kila nyumba ikawa na kitanda kimoja kisichotandikwa. Mama Pastory alizunguka akifundisha jinsi ya kumgeuza mgonjwa kwa shuka, mmoja huku, mwingine kule, wote magotini. Neno lake lilikuwa lile lile. Watu wawili. Usimwinue peke yako.

Mwaka themanini na tisa Pastory alirudi kutoka kisiwa cha Goziba, alikokuwa akivua. Alirudi mifupa. Mama alikuwa mjane, na binti yake Jovita ameolewa Kagondo, Bukoba. Pale nyumbani walikuwa wawili tu, mama na mgonjwa wake.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, mvua imetoka kunyesha, Pastory alianguka nje, karibu na bafu. Mama yake aliita. Alihitaji mtu mmoja tu. Aliita kwa sauti, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Desturi yetu mnaijua, mtu akiita hivyo, unaacha hata chakula mdomoni.

Nyumba ya karibu kabisa ni ya kwetu. Nilikuwa likizo. Nilikuwa nakunywa chai. Nilimwambia mke wangu, "Wengine watakwenda." Sikuwa na shida ya mgongo, wasikilizaji. Niliogopa kumgusa Pastory. Na wengine nao, kila mmoja kwake, walisema wengine watakwenda.

Mama Pastory akamwinua peke yake. Mwanawe alikuwa analia kwenye tope. Hakupiga goti, hakusubiri. Kitu kikakatika kiunoni, wakaanguka wote wawili.

Jovita, aliyekuwa anakuja kumwona kaka yake, alifika kwa basi karibu saa sita mchana. Ameniambia juzi, kwa maneno yake: "Niliwakuta wamelala chini kwenye matope. Mama akasema, anza na huyu. Nikataka kumnyanyua kaka. Akanikataza. Akasema, usimwinue peke yako Jovita, nenda katafute mtu." Alikuja kwangu. Nikaona aibu, nikaenda, nikapiga magoti. Nilikuwa nimechelewa saa nne nzima.

Pastory alifariki baada ya wiki saba. Mama yake hakushika jembe tena. Kwa miaka minne alitembea na fimbo, amepinda, halafu hakutembea kabisa. Kahawa iliingiwa na magugu. Jovita ndiye aliyemuuguza, na sasa Jovita mwenyewe analalamika kiuno.

Wasikilizaji wapendwa, pole nyingi kwa Jovita, kwa Aristides, na kwa ukoo wote wa Buganguzi. Mungu amlaze mama yetu mahali pema. Tunaobaki, tupige magoti mbele ya mizigo yetu, si aibu. Na leo hii jirani yako akiita, usipige hesabu ya nani atakwenda. Nenda wewe.

Miaka yote hiyo nilikuwa napita kumjulia hali. Alinipokea vizuri, akaniuliza habari za watoto, akaniuliza habari za kazi. Hakuniuliza hata siku moja kama asubuhi ile nilimsikia.

Nilikusikia, Mama Pastory. Nilikusikia mara zote tatu.