Mafuta ya Sindano

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa duka la kinyozi, pale barabara inapopinda. Rasharasha ilikuwa imepita mchana, na sasa lami ilitoa mvuke mwembamba uliochanganyika na mvuke wa birika la Shangazi, muuza kahawa, hata wapita njia wa upande wa pili wakaonekana kama watu wanaotembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Waliokaa ni wale wale. Kinyozi, aliyekuwa radhi kukosa mteja kuliko kukosa neno. Profesa, mwalimu mstaafu ambaye tangu azaliwe hajawahi kusema “sijui”. Gunia, mpagazi wa ghala la nafaka, ambaye akiketi ubao unaguna. Na Sindano, fundi redio, mrefu na mwembamba, shati limemning'inia kama limesahauliwa kwenye kamba.

Kelele za siku hiyo zilianzia kwenye nguzo ya umeme. Zahanati ya mtaa ilikuwa imepata mashine mpya ya kupima mafuta ya mwili, na tangazo lake lilibandikwa pale mbele ya macho yao: mchoro wa mtu aliyepakwa nyekundu penye misuli na njano penye mafuta.

— Gunia, wanakuita, — alianza Kinyozi. — Nenda kapimwe. Mashine utawavunjia, lakini nenda.

— Siendi.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika mizani.

— Guu, — Profesa akamsahihisha.

— Guu la mizani, ndiyo. Nimesemaje?

Sindano alitabasamu kwa kuchelewa, kama mtu anayetafsiriwa mzaha. Alikuwa pale, lakini hakuwapo. Kikombe chake kilikuwa kimepoa mkononi. Wiki iliyopita, bila kumwambia mtu, alikuwa amesimama peku juu ya mashine ile ile.

Kilichompeleka ni kaka yake mkubwa. Naye alikuwa mwembamba, mabega yale yale, shingo ile ile ya korongo. Alianguka akifunga vifungo vya shati kwenda harusini, na hakuinuka. Watu walisema ni mkono wa mtu, maana ugonjwa wa moyo huwaua wanene, na huyu mifupa yake ilihesabika. Sindano hakubishana nao. Lakini tangu mazishi, kila alipofunga vifungo vyake asubuhi, vidole vilisita kwenye kile cha kifuani.

— Tatizo lenu hamjui sayansi, — alisema Profesa, akiweka kikombe chini ili mikono iwe huru. — Zamani walikuwa wanachukua uzito wako na urefu wako, wanapiga hesabu, wanakwambia mnene au si mnene. Sasa mtu kama Gunia anabeba mizigo toka kuche. Utajuaje pale ni misuli au mafuta? Mizani ni bawabu tu. Anaona mzigo umepita, hajui ndani ya mzigo kuna nini.

— Umesikia, Kinyozi? — Gunia akadakia. — Mimi ni misuli.

— Misuli hiyo inatikisika ukicheka.

— Kwa hiyo sasa, — Profesa akaendelea, — unashika vyuma, umeme mdogo unapita mwilini. Penye misuli pana maji, umeme unapita mbio. Penye mafuta unakwama.

Sindano alifumba macho. Hakuwa ameusikia umeme ule, hata chembe. Alisikia tu ubaridi wa vyuma viganjani, na chumba kikawa kimya kama redio iliyo kati ya stesheni mbili. Alijiona akitembea ndani ya mwili wake mwenyewe kwa taa ya mkononi, chumba baada ya chumba, na katika chumba cha ndani kabisa akamkuta mtu amelala, mnono, amejifunika vizuri, hana habari kwamba amekaribia kuamshwa.

Daktari alikuwa binti mdogo wa sauti ya chini. Alimzungushia utepe kiunoni, chini ya lile shati pana, akaunyoosha, akasoma mara mbili.

— Mjomba, kiuno hakitakiwi kuzidi nusu ya urefu wako. Chako kimezidi.

Sindano alicheka. Daktari hakucheka.

— Mikono na miguu yako haina neno. Ila mafuta uliyo nayo yamejikusanya hapa, — akazungusha kalamu hewani mbele ya tumbo lake. — Ndani, kandokando ya ini. Mizani peke yake ingekwambia u salama uende zako. Na sukari yako imeanza kupanda. Hujawa mgonjwa, mjomba, lakini mlango uko wazi. Tembea kila siku. Achana na hizo soda unazokunywa ukiwa umekaa kazini. Na utakaporudi, njoo na mtu wa nyumbani.

Hilo la mwisho ndilo lililomshinda. Soda alikuwa ameiacha siku ile ile. Kutembea, alikwisha kuanza kuzunguka njia ndefu kwenda kazini. Lakini kila alipofungua kinywa mbele ya mkewe, alimwona kaka yake anafunga vifungo, na kinywa kikajifunga.

— Umeme ni kudanganyana, — Kinyozi alikuwa anasema. — Njia ni moja tu. Mchukue mtu, mtie kwenye pipa la maji. Akizama, ni misuli. Akielea, ni mafuta. Ndiyo maana wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa.

— Hiyo methali haihusu watu.

— Inahusu vyaelea. Mafuta hayaelei?

Profesa alifikiri kidogo, na kwa kuwa hakuweza kukubali kushindwa wala kusema hajui, akapanda ngazi nyingine.

— Mimi nitawaambieni mafuta ni nini hasa. Ni usingizi. Kila usiku uliopaswa kulala hukulala, unabaki deni mwilini, unaganda. Mtu mnene amebeba usiku mwingi ambao haujapata asubuhi.

— Basi mimi ningekuwa kama ghala, — alisema Shangazi, akimimina. Hakuwa na kawaida ya kuingilia, lakini mvuke ule na jua la manjano la baada ya mvua vilikuwa vimemlegeza hata yeye. — Si usingizi. Ni maneno. Mtu anameza neno, jingine, jingine. Yatakwenda wapi? Marehemu mama yangu alimeza maneno ya wakwe zake mpaka viti vikamkataa.

Sindano alimtazama. Shangazi alikuwa anafuta kikombe, hakumlenga yeye, lakini neno lilimpata.

— Na anayesema sana anakonda? — akauliza Kinyozi.

— Ungekuwa uzi.

Wakacheka wote, na ubao ukacheka nao. Gunia ndiye aliyeacha wa kwanza. Alikuwa anaitazama ile nguzo, na aliposema, alisema taratibu.

— Mimi nikilala ni mwembamba.

— Nani?

— Mimi. Ndotoni. Napita kwenye ufa wa mlango wa ghala bila kuufungua. Napanda juu ya shehena hata haisikii. Siku nyingine naruka, juu ya mabati, naona mji wote umelala, na upepo unanibeba bila kulalamika. Asubuhi nikiamka naukuta mwili unanisubiri kando ya kitanda kama koti la mvua, nauvaa naenda kazini.

Kinyozi akashusha kikombe chake.

— Ndiyo maana siendi kupimwa, — Gunia akamaliza. — Wakinionyesha ule mchoro, nikajiona wote njano, nikilala tena nitaruka vipi?

Moyo wa Sindano ulimwendea. Alitaka kumwambia kwamba mchoro si mtu, kwamba yeye mwenyewe ameuona wake. Akalimeza neno. Mtaa wote ulikuwa umetulia kama unamsikiliza.

Kinyozi akaharibu.

— Usihuzunike, bwana. Mungu hugawa. Mtazame Sindano, mtu aliyebarikiwa! Mwembamba ugonjwa ukimpigia hodi, unachungulia, unaona hapana pa kukaa, unageuza. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Methali hiyo nayo umeipindua, — alisema Profesa, lakini kwa uvivu.

Sindano aliona vidole vyake vimekwenda vyenyewe kwenye kifungo cha kifuani. Akavishusha. Alipoinua macho, mwanamke alikuwa anakuja kutoka kwenye ule mvuke, anavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia. Kwa kitambo alimtazama kama unavyotazama mtu wa ndotoni, unamjua na humjui. Kisha akatambua mwendo. Alikuwa mkewe.

Miaka yote ya ndoa hakuwahi kukanyaga pale. Alisema benchi lile ni la wanaume na uongo wao, waachiwe. Sasa alisimama mbele yao, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko, kama mtu aliyeacha kazi katikati.

— Hamjambo, shemeji zangu.

— Hatujambo, shemeji! — Kinyozi akaruka kumpisha. — Karibu, kaa. Shangazi, kahawa kwa shemeji.

— Kahawa sitaki. Nina swali moja tu, na nyie ndio wa kuulizwa, maana ndio mnaoshinda naye. — Hakumtazama mumewe. — Huyu nyumbani hali akamaliza. Halali. Nikimsemesha ananiitikia kutoka mbali, kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Niambieni. Mume wangu ana nini?

Kinyozi alifungua kinywa. Kilikaa wazi, hakikutoa kitu, na hilo halikuwahi kuonekana pale. Profesa, aliyejua umeme unapita wapi na unakwama wapi, aliinamia kikombe. Shangazi akashika birika, akaliacha. Gunia akamgeukia Sindano polepole, akamtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza siku hiyo, na usoni pake ikaingia aibu. Mchana kutwa walikuwa wameingia ndani ya miili ya watu, wakapima, wakagawa, na huyu amekaa nao paja kwa paja.

— Kumbe hata nyie, — mwanamke alisema.

Sauti yake ilikatika mwishoni. Sindano alikuwa hajaisikia ikikatika tangu walipomzika kaka. Akasimama.

— Nina mafuta, mke wangu.

— Una nini?

— Mafuta. Ndani, kwenye ini. Nilikwenda kupimwa.

Mkewe alimtazama kutoka kwenye ile shingo ya korongo mpaka kwenye ndala, akarudi juu.

— Wewe?

Kicheko kilimpanda Kinyozi, lakini mkono wa Gunia ulikuwa umekwisha kutua kiwikoni pake, mzito, na kicheko kikarudi kilikotoka.

— Wembamba si kinga, — alisema Sindano. — Nadhani ndivyo alivyokuwa kaka. Hakuna aliyempima. Daktari anasema mimi bado sijaugua, nimewahi. Nitembee, niache soda, sukari itashuka. Na akasema nirudi na mtu wa nyumbani.

Mkewe aliketi pale alipokuwa ameketi Kinyozi, kwa uzito, kama aliyekatwa kamba.

— Mimi nilidhani ni mwanamke, — alisema.

— Mwanamke?

— Soda umeacha. Njia umebadilisha. Ukitoka kuoga unajitazama tumbo kwenye kioo. Ningedhani nini, baba watoto?

Kicheko kilimtoka yeye mwenyewe, na machozi nyuma yake, akayafuta kwa kiwiko, unga ukabaki shavuni. Sindano aliuona unga ule, akaona na kila kitu kingine: vikombe, matofali, mtu wa njano na nyekundu kwenye nguzo. Vyote vilikuwa karibu.

— Zahanati hawajafunga, — mkewe alisema, akiinuka. — Twende sasa. Mtu wa nyumbani si ndiye huyu?

— Sasa hivi? Na huo unga?

— Unga nao watausoma kwenye mashine? Twende.

Waliondoka. Hawakuwa wamefika mbali Gunia alipoita:

— Sindano! Inauma?

— Haiumi. Unavua viatu tu.

Mkewe alimshika mkono juu ya kiganja, akimwachia alama nyeupe.

— Nikuulize, — alisema, sasa kwa upole. — Uliogopa nini kuniambia?

Sindano alitafuta jibu. Alitafuta njia nzima, akapita duka la misumari, akapita ukuta wa shule, mvuke ukifunguka mbele yao na kujifunga nyuma, asilione. Mkewe hakumharakisha. Nyuma yao, mbali kidogo, kama mtu asiyetaka kuonekana kwamba anafuata, viatu vya Gunia vilikuwa vinakanyaga madimbwi.