Bi Shatha binti Marhoon, Aliyechagua Mabasi

(Wasifu uliosomwa na mdogo wake, Muatasim, baada ya maziko, Al Hail, Maskati.)

Ndugu zetu, Mwenyezi Mungu akulipeni kheri kwa kuja kumsitiri dada yetu. Nnajua wamo humu walioumizwa na maneno yake. Nitayasema yalivyokuwa.

Marehemu alizaliwa Mkunazini, Unguja, tarehe 11 Machi 1967. Mwaka 1975 wazee wetu walihamia Maskati. Alisoma hapa hadi sekondari, kisha akasomea uhandisi wa barabara Cairo, akahitimu 1990 na kuajiriwa serikalini, upande wa mipango ya usafiri.

Mwaka 1993 aliolewa na Bwana Badr, fundi aliyependa magari kuliko chakula. Badr ndiye aliyemfundisha kuendesha, katika uwanja mtupu huko Wattaya. Siku ya kwanza Bi Shatha aliligonga pipa la taka. Badr akashuka, akaliinua, akamwambia, "Haya, tena." Walijaaliwa watoto wawili, Manal na Sami.

Mwaka 2021 kiwanda cha kuunganisha magari, ambako Badr alikuwa msimamizi wa mafundi, kilielemewa na madeni, kikaiomba serikali ikiokoe. Ombi likafika kwenye kamati ya serikali ambayo marehemu alikuwa mjumbe wake. Alisema mbele ya wote kwamba mumewe anafanya kazi pale, akajitoa katika kura. Mwenyekiti akataka maoni yake hata hivyo. Akayatoa: kiwanda kilishaokolewa mara moja na hakikubadilika, fedha ziende kwenye mabasi ya umma, na wafanyakazi wafundishwe kazi za mabasi hayo. Kamati ikamfuata.

Jioni ile Badr alimwuliza, "Watu wangu nikawaambie nini?"

"Waambie mimi ndiye niliyesema."

"Kiwanda hicho ndicho kilicholisha nyumba hii, Shatha."

"Nnajua. Na wanaosimama juani kwa kukosa gari, wao nani atawasemea?"

Kiwanda kikafungwa. Badr akahamia kulala majlisi, chumba cha kupokelea wageni. Siku moja Bi Fajr, mke wa fundi mmoja, alikuja mlangoni.

"Wanangu niwalishe tiketi za basi?"

Marehemu hakubishana. Alimkaribisha ndani, akamsikiliza mpaka akamaliza. Kuanzia hapo alizunguka ofisi hadi ofisi akiyadai mafunzo yaliyoahidiwa. Wengine walipata kazi katika mabasi. Mume wa Bi Fajr hakupata, na marehemu hakuwahi kulisahau hilo.

Mwaka 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Badr alimuuguza kwa mikono yake, akimwosha na kumlisha. Wiki ya mwisho, nami nikiwepo, dada alimwuliza, "Bado unaona nilikosea?"

Badr akasema, "Bado."

"Basi waambie watu hivyo hivyo. Usije ukanisifu kwa uongo."

Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, dada yetu Ghadeer, na mimi. Asubuhi hii nilimwuliza shemeji kama niyaruke maneno ya kiwanda. Alisema, "Yasome yote. Mke wangu hakuwa mtu wa kufichwa."

Mola alifanye kaburi lake kuwa na wasaa, naye apumzike humo kwa salama.