Mama Taa na Faili la Majaribio

Mama yetu, ambaye wengi mlioketi hapa mmemzoea kwa jina la Mama Taa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi 1976 hadi 1982, akamaliza sekondari 1986, akapata cheti cha uuguzi 1990, na mwaka uliofuata akaajiriwa kliniki ya ngozi, chumba namba sita. Alifunga ndoa na baba yetu, dereva, tarehe 5 Desemba 1992, wakajaliwa watoto watatu, wa mwisho ndiye aliyeandika haya, na mjomba anayasoma kwa niaba yake.

Mwaka 2011 kliniki ilipata kamera yenye taa inayoondoa mng'ao wa ngozi ili daktari aone rangi iliyojificha ndani ya doa, Mama ndiye akakabidhiwa, akawa anawaambia wagonjwa waoga watulie, taa haiumi, anayeuma ni yeye. Kila asubuhi aliijaribu kwanza kwenye doa dogo la kiganja chake cha kushoto, ngozi isipong'aa kazi ianze, na picha hizo ziliingia faili la majaribio, ambalo daktari halisomi, hata yeye alikuwa anaangalia mng'ao tu, doa haliangalii.

Februari 2023 kwapa lake la kushoto lilivimba, ndipo faili likafunguliwa, doa likaonekana likipanuka kwa miaka minne, picha mia tisa na kitu, zote safi, hakuna hata moja iliyotikisika.

Ilikuwa saratani, imeshafika mapafuni, alitibiwa miezi kumi na minne, akafariki Alhamisi tarehe 9 Mei 2024, saa nne asubuhi.

Wiki moja kabla, binti yake alimpelekea mjukuu wa miezi saba, mwenye doa pajani ambalo alipozaliwa halikuwepo, mwenzake Mama wa kazini akaleta kamera wodini, Mama akapiga mwenyewe, ya kwanza ikatikisika, ya pili ikatoka, akasema anaona ni doa la kawaida, ila asiaminiwe, ameshapitwa na la kwake, picha asome daktari.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba mtoto siku zote hizi, na wenzake wa chumba namba sita, ambao sasa faili la majaribio wanalisoma, na wamesema majibu ya mtoto ni Jumatatu.

Pumzika kwa amani, Mama, Jumatatu saa mbili tutakuwa kwenye foleni.