Samira, Hamira na Msumari

Benchi la kona, mbele ya duka la simu, lina wataalamu wa kila jambo lisilowahusu. Jioni hiyo Fundi Viatu aliwapelekea kesi. Mkewe, aliyejifungua juzijuzi, anataka binti yao aitwe Samira. Fundi kagoma mpaka ajue maana, na tangu asubuhi mama mtoto hamsemeshi. Angeweza kumuuliza yeye mwenyewe, lakini mwanaume mzima akamuulize mkewe, kijiwe kipo cha nini?

— Samira ni hamira, alikata shauri Mkate, mwoka mikate wa mtaa. — Kiarabu kilipokuwa kinasafiri, "ha" ikageuka "sa". Huyo mtoto ataumuka!

— Mwanangu nimwite hamira?

— Mkate anakudanganya, alisema Profesa, ambaye shule aliisikia kwa wenzake. — Mimi Kiarabu nimekisoma.

— Wapi?

— Kwenye boksi la tende. Mzizi wake ni sumaku. Sumaku, samaku, samira! Akikua, vijana watanasa mlangoni kwako kama misumari.

— Enhee! alidakia Mkate. — Hata msumari ni neno la Kiarabu. Samira, msumari. Ukoo mmoja!

— Msumari? Fundi alimaka. — Si bora nimwite Pepopunda kabisa!

— Usilidharau, alisema Profesa kwa upole. — Pepopunda ni jina la kifalme.

Fundi alizidi kunyong'onyea. Alitaka neno moja tu la kurudi nalo nyumbani, wenzake wanamrundikia duka zima la vifaa vya ujenzi.

Hapo akapita shemeji yake, mdogo wa mkewe, ametoka kununua sabuni.

— Shemeji, maana mmeipata?

— Tunaikaribia, alijibu Profesa.

— Mngemuuliza dada, mngelala mapema. Samira ni mtu wa kupiga naye soga jioni. Mwenzi wa maongezi, basi.

Fundi alishusha pumzi, akacheka.

— Kumbe jina tamu hivyo! Sasa dada yako kalipendea nini hasa?

— Kwani shemeji, wewe jioni huwa unaongea na nani?

Mkate alianza kutazama barabara, Profesa akakohoa kikohozi asichokuwa nacho. Fundi aliona aibu, aibu ya kweli. Alisimama.

— Umalizie kahawa kwanza, alisema Mkate.

Fundi alikuwa ameshavuka barabara, hata kuaga hakuaga.