Namba Saba ni Mwanamke Mmoja

Benchi lile la Nachingwea lilikuwa la mbao za kreti lililobeba mitambo ya mradi wa karanga, na Wazungu walipofunga mradi wao wakaliacha. Wanaume walilikalia kila asubuhi, wakinywa kahawa chungu na kubishana. Asubuhi ile Mzee Kaimu hakugusa kikombe chake. Mkewe Hajira alikuwa na miezi miwili kaburini, na mwanawe Yunusi, aliyekuwa chuo cha ualimu, alikuwa ameleta nakala ya insha yake juu ya njaa iliyofuata vita vya Majimaji. Mwalimu Dastani alikuwa akiwasomea. Alifika pale panapoelezwa ndiga, kiazi cha porini chenye sumu, kinavyokatwakatwa na kulazwa mtoni siku tano ndipo kiliwe. Yalikuwa maneno ya Hajira, neno kwa neno.

— Soma tena kule chini ya ukurasa, kwenye namba za waliotoa habari, mwalimu, alisema Kaimu.

— Namba saba: mwanamke mmoja mzee, Ruangwa.

— Na namba sita?

— Mzungu. Jina lake, kitabu chake, mwaka, ukurasa wa arobaini na moja.

— Huyo alikula ndiga?

— Hakula, mzee. Aliandika.

Severini, aliyebandikwa jina la Katapila kwa kuwa aliwahi kung'oa visiki vya mradi, alicheka.

— Mtoto ana akili! Jina likiandikwa chuoni linafika bomani, na mwenye jina anaitwa kutoa ushahidi. Kamficha mama yake.

— Marehemu aitwe ushahidi? aliuliza Dastani.

— Huwajui hawa! Walilazimisha karanga kwenye ukame huu, watashindwa kumwita maiti?

Amri Gazeti, asiyejua kusoma, alitikisa kichwa.

— Karatasi ilikwisha, basi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni kaja na kitabu, mwenyeji kapona kuandikwa.

— Nyamazeni! alisema Kaimu. Darasani kwa shehe, ukitoa neno unaulizwa umelipokea kwa nani, na yeye kwa nani. Yunusi nilimfundisha hilo mwenyewe. Leo mama yake ni mwanamke mmoja, kama mpita njia!

Machozi yakamtoka mbele za watu, wala hakuyafuta. Dastani akatoa kalamu haraka.

— Insha itajalidiwa mwisho wa mwezi, mzee. Barua ikienda leo na lori, Yunusi atarekebisha.

— Andika.

Pembeni ya benchi alikuwa ameketi Mwamini, mama wa kijiji cha Likunja, na kikapu chake, akingojea lori hilohilo.

— Samahani, baba zangu. Huyo marehemu, hizo ndiga alifundishwa na nani?

Miaka thelathini na minne Kaimu alikula mkononi mwa Hajira, na mwaka mvua ilipokataa ni ndiga zake zilizowavusha. Je, alifundishwa na mama yake, au bibi, au jirani tu huko kwao Mandawa, upande wa Ruangwa? Ndugu zake wote walikwisha kufa.

Lori lilipiga honi.

— Nimeandika Hajira binti Amiri, alisema Dastani. Amepokea kwa nani, mzee?

Kaimu alishika kikombe chake kilichopoa.

— Mwandikie Yunusi kwamba baba yake hakuuliza. Alikuwa anakula tu.