Mzee Polikarpo na Kibano cha Mpingo

Mzee Polikarpo Nandonde anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kuitumikia taasisi yetu hapa Goba kwa miaka thelathini na mmoja. Anastaafu kwa mujibu wa sheria. Ingekuwa ni hiari yake, angeendelea kusimama mlangoni mwa Maabara ya Tando za Sumaku mpaka miguu igome, akimrudisha kila aliyesahau kuvua viatu.

Alikuja mwaka 1994 kama fundi friji, kijana wa Newala aliyekulia kwenye karakana ya baba yake, mchonga vinyago. Ajira yake ilikuwa ya viyoyozi. Mwaka 2009 ikaletwa mashine ya kutengenezea tando, ikiwa na kitabu cha maelekezo cha Kijapani na pampu isiyotaka kuvuta hewa. Madaktari watatu waliizunguka wiki nzima wakikuna vichwa. Polikarpo akapita na ngazi yake begani, akaisikiliza, akasema inakohoa kama friji la baa ya mtaani kwake Gongo la Mboto. Siku mbili baadaye ilikuwa inavuta. Tangu hapo viyoyozi havikumwona tena, na ndiyo maana wenzetu wa masjala wanatumia feni hadi leo.

Pampu ile aliipa jina la Mama Mkwe. Haikimbiliwi, haipigiwi kelele, na ukiiudhi asubuhi ujue siku yako imekwisha.

Kwa wasomaji wa idara nyingine wanaodhani tunatengeneza sumaku za kubandika kwenye friji, naomba dakika moja. Sie tunapanga tabaka za metali na oksidi, moja juu ya nyingine, nyembamba mno: chukua unywele, uchane kwa urefu vipande elfu arobaini, kipande kimoja ndicho unene wa tabaka moja. Kila elektroni ina mzunguko wake, unaoelekea juu au chini, na mwelekeo huo unaweza kutunza kumbukumbu hata umeme ukikatika. Kwa mji huu si habari ndogo hiyo. Ila elektroni inapovuka kutoka tabaka hadi tabaka, mpaka kati ya tabaka hizo ukiwa mchafu, mwelekeo unapotea njiani. Wageni wakituuliza, tulikuwa tunawachorea milinganyo ubaoni. Polikarpo alikuwaga anawaambia tu kwamba ukipaka rangi juu ya vumbi, umepaka vumbi. Wageni walimshukuru yeye.

Basi usafi ukawa dini yake. Manukato marufuku. Mihogo ya kukaanga marufuku, na Mkurugenzi mwenyewe aliwahi kurudishwa na mfuko wake mpaka getini. Mgeni rasmi mmoja alivuliwa mkanda kabla ya kusogea kwenye sumaku kubwa, akamaliza ziara kashikilia suruali kwa mkono wa kushoto na kutusalimia kwa wa kulia. Lakini mhubiri huyu huyu ameziua saa tatu za mkononi kwa kusahau kuzivua mbele ya sumaku hiyo hiyo. Ya tatu bado anaivaa. Inaonyesha saa moja na dakika ishirini asubuhi tangu mwaka 2017, na akichelewa, ndiyo ushahidi anaouleta.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi mnadhani nitaliruka.

Mwaka 2014 mwanafunzi mmoja wa uzamivu alipata matokeo ya ajabu. Utando wa oksidi usio na chembe ya chuma ulionyesha sumaku, tena kwenye joto la kawaida. Makala ikaandikwa. Dk. Gozbert, mkuu wetu wa maabara, akapangiwa safari ya kwenda kuyatangaza ng'ambo. Polikarpo, aliyezitengeneza sampuli zote kwa mikono yake, akapendekezwa kuwa fundi mkuu. Mwanafunzi yule alikuwa mie, Auleria. Nilikuwa nimezamisha miaka mitatu kwenye kazi ile, na kwetu Bukoba mama alishaanza kuniita daktari mbele ya majirani. Kuhusu hilo Polikarpo alinitania sana, kwamba sisi Wahaya tunavaa joho kabla halijashonwa.

Siku moja sampuli ikampasukia vipande vinne. Mwingine angeitupa. Yeye alivipima kimoja kimoja, akakuta sumaku iko kwenye kipande kimoja tu, kile chenye kona anayoishikaga na kibano. Na kibano chenyewe kilikuwa cha chuma cha pua, kipya, alichokinunua Kariakoo na kukiringia wiki nzima. Akaikosha kona ile kwa asidi. Sumaku ikatoweka. Hakumwambia mtu. Jumamosi alikaa nyuma ya nyumba yake akachonga kibano cha mpingo, na wiki iliyofuata akatengeneza sampuli sita akizishika kwa mpingo peke yake. Zote sita zikasoma sifuri.

Kwenye kikao cha Jumatatu akasimama, kibano cha chuma kiganjani.

"Sumaku tunayoishangilia ni masalia ya kibano changu," alisema. "Oksidi ya Auleria haina kitu."

Hakuna aliyemuuliza, na angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Makala ikafutwa, safari ikafa. Pendekezo la ufundi mkuu likarudi kabatini, likakaa humo miaka minne. Mie nikaenda kulia chooni, na nilipotoka nikaamua kumnyima shikamoo.

Nasema hili kwa aibu. Mtu wa umri wa baba yangu, nilikuwa nampita mlangoni kimya kama napita nguzo. Naye kila asubuhi, nikishampita, aliitikia, "Marahaba, mwanangu," kana kwamba nimemsalimia. Hakununa wala hakunishtaki kwa mtu. Jamani, ilinichoma kuliko matusi. Tuliendelea hivyo miezi miwili, mie na ukimya wangu, yeye na marahaba yake.

Halafu asubuhi moja nikakuta kwenye meza yangu kibano cha mpingo, laini kama kimepakwa mafuta, herufi A imechongwa kwenye mpini. Nikaanza upya. Tasnifu yangu ikawa juu ya uchafu unaojificha kwenye mipaka ya tabaka, ikanichukua miaka miwili mingine, na shikamoo zikarudi taratibu. Mwaka niliohitimu, maabara moja ng'ambo ilitangaza ugunduzi unaofanana na ule wetu. Haukupita mwaka wakauondoa wenyewe kwa fedheha. Dk. Gozbert aliisoma habari ile amesimama, akatoka, akarudi na soda baridi ya Polikarpo. Leo tuna vibano vya plastiki, vilivyotumia miezi minane kutoka bandarini, lakini kila mmoja wetu anacho cha mpingo kwenye droo.

Mama Mkwe sasa Polikarpo anamwachia Jenipher, fundi wetu mpya, ambaye tayari anaruhusiwa kuiwasha peke yake. Peke yake maana yake ni kwamba Polikarpo anasimama nyuma ya mlango akisikiliza. Mkewe, Mama Rosalia, ametuomba tuandike hapa waziwazi kwamba jikoni kwake si maabara, na viatu vinaruhusiwa.

Mzee Polikarpo, kwa niaba ya wote uliowarudisha getini, ahsante. Mungu akupe afya, mpingo mzuri wa kuchonga, na saa inayotembea. Na kwa zile asubuhi za mwaka 2014, sikuwahi kukuomba radhi, nakuomba leo mbele ya taasisi nzima.

Shikamoo, Mzee. Marahaba yake ulishanipa.

Dk. Auleria Rweyongeza
Maabara ya Tando za Sumaku